Video ya ndoa iliyogoma kufunguka: kisa cha nyumba moja Ngamiani, Tanga

Familia moja ya Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, ina diski ya nje iliyojaa video za shughuli za nyumbani tangu mwaka 2008: harusi, akika, maulidi, hitima, na safari moja ya Pangani ambayo wajukuu hawaishi kuiulizia. Kompyuta yao ya mezani inacheza baadhi tu. Nyingine zinatoa picha bila sauti, nyingine sauti bila picha, nyingine hazifunguki kabisa. Unaletewa ujumbe kwamba aina ya faili haitambuliki, basi. Aliyelalamika ni bibi wa nyumba, na hakuzililia zote. Alitaka moja: ndoa ya binti yake mkubwa ya mwaka 2009, pale marehemu mumewe anapomwozesha binti kwa kauli yake mwenyewe mbele ya shehe. Sauti ya mzee haikubaki kwingine popote.

"Mie sitaki iwe nzuri, mwanangu," aliniambia. "Nataka nimsikie tu."

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinajirudia nyumba hadi nyumba, na mara nyingi kinaisha vibaya bila ulazima. Video nyingi zinazotangazwa kufa ni nzima. Kilichopungua ni uwezo wa kompyuta kuzisoma, na kinachoziangamiza hasa ni pupa ya kuzigeuza au kuzifuta kabla mtu hajajua zimetengenezwa vipi.

Kufikia siku ninaitwa, mambo matatu yalikuwa yameshafanyika. Mjukuu wa kiume aliona faili lina .MOD mwishoni mwa jina, akaifuta akaandika .mp4, kwa kuwa mafaili ya mp4 alishayaona yakicheza. Halikucheza, na sasa likawa linamdanganya kila atakayelitazama. Kisha akapakua "kifurushi cha kodeki", yaani programu za kuiwezesha kompyuta kusoma video, kutoka tovuti asiyoijua, na tangu hapo kivinjari kikawa kinafungua matangazo chenyewe. Mtego huo ni wa zamani: tangu mwaka 2005 kulikuwa na programu hasidi iliyopewa jina la Zlob, iliyoenezwa kwa ujanja huohuo, ikijifanya kodeki inayokosekana ili video ifunguke. Wenye nia mbaya wanajua kwamba mtu mwenye hamu ya kuona kitu atabonyeza chochote. Tatu, steshenari moja mjini iliwageuzia faili la ndoa kuwa MP4 ndogo. Picha ilitoka imevurugika vimraba vimraba, sauti haikuwemo kabisa, na wakashauriwa wafute lile la zamani ili wapate nafasi.

Bibi alikataa. "Hakifutwi kitu humu," ndiyo kauli yake, na bila kauli hiyo kusingekuwa na kisa cha kuandika.

Kazi ya kwanza ilikuwa kunakili diski yote kwenda diski ya pili kabla ya kugusa chochote. Hapa sina mjadala na mtu. Ukinakili mafaili makubwa na umeme ukakatika katikati, unabaki na faili lenye jina kamili na mwili pungufu, kwa hiyo baada ya kunakili nililinganisha ukubwa wa kila faili kwa baiti, upande huu na upande ule. Kazi hiyo inachosha, lakini hakuna njia nyingine ya kulala usingizi.

Baada ya hapo ndipo nikatazama ndani. Huhitaji utaalamu mkubwa kwa hili. Kila aina ya faili la video huanza na alama zake, na programu ya bure ya kuonyesha baiti, kama HxD, inakuwekea alama hizo wazi. Faili la AVI huanza na herufi RIFF na mbele kidogo utakuta neno AVI. MP4 na MOV huwa na herufi ftyp karibu kabisa na mwanzo. MOV za zamani tu ndizo zinazoweza kuikosa. MKV ina neno matroska mistari ya juu. Faili la ndoa, lililokuwa linajiita .mp4, halikuwa na ftyp popote pale juu. Lilianza na 00 00 01 BA. Hizo ni alama za MPEG, mtiririko uleule unaotumika kwenye DVD. Jina lilisema hivi, mwili ukasema vile, na mwenye kuaminiwa ni mwili.

Kinachowachanganya watu wengi ni kwamba video ina tabaka mbili. Kuna kontena, ndilo hilo linaloitwa AVI, MP4, MOV au MKV, na kuna kodeki, yaani mbinu iliyotumika kubana picha na sauti zilizomo. Kontena likishushwa bandarini hapa Tanga, rangi yake ya nje haikuambii kama limebeba vipuri au mitumba. Vivyo hivyo MP4 moja inaweza kuwa na picha za H.264, mbinu iliyotoka mwaka 2003 na inayochezwa na karibu kila kifaa, na nyingine ikawa na H.265 ya mwaka 2013, ambayo kompyuta ya zamani inaihangaikia. Ndiyo maana mtu anakwambia, "Lakini hii nayo ni MP4, mbona ile imefunguka?" Swali lake ni la haki kabisa.

Sasa kwa nini faili la mwaka 2009 likatae kwenye kompyuta iliyonunuliwa baadaye? Kamera iliyorekodi ililetwa na mjomba aliyekuwa anafanya kazi Muscat, ni JVC ya zile zenye diski yake ndani. Kamera hizo zilihifadhi picha kwa kodeki ya MPEG-2 na sauti kwa kodeki ya AC-3, zikaweka yote kwenye faili lenye .MOD mwishoni, na pembeni yake kijifaili kidogo chenye .MOI. Windows 7, isipokuwa matoleo yake ya chini kabisa, ilikuja na uwezo wa kusoma MPEG-2. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, uwezo huo wa kucheza DVD na MPEG-2 ukaondolewa kwenye mfumo wa kawaida. Kompyuta ya zamani ya nyumba ile ilikuwa ikizicheza bila shida. Ilipoharibika wakanunua nyingine iliyotumika, yenye Windows 10, na siku hiyohiyo video zote za mjomba "zikafa". Hakuna hata moja iliyoharibika. Upo mpachiko, yaani nyongeza ya programu, wa bure wa MPEG-2 kwenye duka la programu la Windows, lakini usingetatua mengine yaliyokuwamo kwenye diski ile, kwa hiyo sikwenda njia hiyo.

Niliondoa kwanza kile kifurushi cha kodeki na takataka zilizokuja nacho, kisha nikaweka VLC. Ni programu ya bure ya kucheza video iliyoanzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996, na tangu 2001 iko wazi kwa yeyote. Sababu ya kuipendekeza ni ya kiufundi: inabeba kodeki zake yenyewe tumboni, haiombi msaada wa Windows, kwa hiyo hailazimu kutafuta vifurushi mitaani. Faili la kuisakinisha ni kama megabaiti 40, na ukishalipakua mara moja kutoka tovuti yao yenyewe, videolan.org, unaweza kulihamisha kwa flashi nyumba kwa nyumba bila kula bando la mtu.

Nilirudisha jina la .MOD, nikafungua. Picha ikaja na sauti ikaja. Lakini ilikuja na kasoro mbili.

Ya kwanza: watu walikuwa warefu na wembamba. Bibi harusi hakufanana na mtu anayemjua yeyote chumbani, na masinia ya pilau hayakuwa duara tena. Kamera ilirekodi kwa upana wa 16:9, lakini alama ya upana huo mara nyingi kamera hizi hazikuiandika vizuri ndani ya .MOD, iliachwa kwenye .MOI. Vijifaili vya .MOI vilikuwa vimefutwa zamani na mtu aliyeona ni vidogo, havifunguki, havina kazi. Programu isipoona alama inachukulia picha ni 4:3, inaibana kutoka pembeni. Katika VLC unabonyeza herufi A mpaka umbo linyooke. Mtu akinyooka, na kila kitu kingine kinanyooka.

Ya pili: kila mtu aliponyanyua mkono, ukingo wa mkono ulichanika kuwa mistari ya mlalo. Kamera za kipindi kile, kwa mfumo wa televisheni wa PAL uliokuwa ukitumika Tanzania, zilirekodi picha ya nukta 720 kwa 576 na kuigawa nusu mbili, mistari ya witiri kwanza na ya shufwa baadaye au kinyume chake, nusu 50 kwa sekunde. Televisheni ya zamani ilizisuka bila mtu kujua. Kioo cha kompyuta kinaonyesha nusu mbili kwa pamoja, na kitu kinachotembea kinachanika. Herufi D ndani ya VLC inaziunganisha. Hapo ndipo ngoma ya akina mama uani ikaanza kutazamika.

Nimekaa hapa kwa sababu kasoro hizi mbili ndizo zinazowafanya watu waamini kwamba video "imechakaa". Video ya kompyuta haichakai kama mkanda. Ama baiti zipo sawasawa, ama hazipo.

Ikabaki kuamua: familia iendelee kubonyeza A na D kila siku, au ligeuzwe? Watu wengi hukimbilia kugeuza, na kugeuza kwa maana ya kubana upya ndiko kulikoharibu nakala ya steshenari. Kila ukibana upya unatupa sehemu ya picha ambayo hairudi. Bila shaka programu waliyotumia ilishindwa kuielewa sauti ya AC-3, ikaiacha, na hakuna aliyeisikiliza kazi kabla ya kuikabidhi. Kwa faili hili haikuwa lazima kubana chochote. Unaweza kutoa picha na sauti zilizomo, vilevile zilivyo, na kuzifungasha kwenye kontena jipya lenye alama sahihi ya upana. Nilitumia ffmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, kwa amri hii moja:

ffmpeg -fflags +genpts -i MOV012.MOD -c copy -aspect 16:9 ndoa.mkv

Kiini chake ni -c copy: nakili, usibane. Sehemu ya +genpts inajaza alama za wakati pale zinapokosekana, maana mafaili haya yana tabia hiyo na bila hivyo MKV hukataa kuandikwa. Faili la zaidi ya gigabaiti moja lilikwisha haraka sana kwa sababu hakuna hesabu ya picha inayofanyika, ni kuhamisha tu. Ubora ni uleule wa kamera.

Bibi alisikia. Aliomba sehemu ile irudishwe, ikarudishwa, kisha akaniuliza kama shehe naye anasikika vizuri au ni masikio yake. Shehe alikuwa mbali na kamera. Hilo la kamera halina dawa, na nilimwambia hivyo.

Mafaili ya VOB, yaliyonakiliwa kutoka DVD za mpiga video wa mtaani, hayakunichukua muda. Nayo ni MPEG-2, VLC inayacheza. Kila moja haizidi gigabaiti 1 kwa sababu ndivyo DVD inavyokatwa, kwa hiyo harusi moja ina vipande vinne au vitano vinavyofuatana kwa namba, na anayefungua kipande cha tatu anadhani mwanzo umepotea.

Kazi nzito ya pili ilikuwa video za mjukuu mkubwa aliyeko Muscat, zilizopigwa kwa iPhone. Zina .MOV mwishoni, VLC inazifungua, lakini picha inaganda, sauti inatangulia, kisha kioo kinakuwa cha kijivu. Ndani ya VLC nikabonyeza Ctrl na J, dirisha linaloonyesha kodeki, nikaona HEVC, ambalo ni jina jingine la H.265, kwa picha za 4K, yaani zenye nukta nyingi sana. Tangu iOS 11, mfumo wa iPhone wa mwaka 2017, iPhone kuanzia namba 7 zinaweza kurekodi hivyo, na ndivyo zilivyopangwa zikitoka kiwandani. Sababu yake ni nzuri: kwa hesabu za Apple yenyewe, dakika moja ya 4K kwa fremu 30 kila sekunde inakula kama megabaiti 170 kwa HEVC, na 350 kwa H.264. Simu inaokoa nafasi, gharama analipa anayefungua.

Na kompyuta ya nyumba ile haikuweza kulipa. Prosesa yake ni Core 2 Duo, ya miaka mingi kabla ya HEVC kuwepo. Kompyuta zenye prosesa za Intel za kizazi cha sita, kuanzia 2015, zina sehemu maalumu ya kufungua HEVC. Nyingi za nyuma yake zinafanya hesabu yote kwa nguvu ya kawaida, na 4K inazishinda. Kwa hiyo hata mpachiko wa HEVC uliokuwa ukiuzwa dola 0.99 kwenye duka la Windows usingesaidia. Ungeiwezesha kompyuta kuelewa mbinu, usingeipa nguvu. Nilimweleza mjukuu aliyetaka kuununua, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kuulizia kadi ya benki ya mama yake.

Hapa ndipo kubana upya kunaporuhusiwa, na ni kwa nakala ya kutazamia tu. Nilichukua video hizo kwenye kompyuta yangu yenye nguvu zaidi, nikazipitisha HandBrake, programu ya kubana video upya, kuwa H.264 ya mistari 1080, nikaacha kazi iende usiku. Asili zikabaki kwenye folda yake, haziguswi, zikisubiri siku nyumba ile itakapopata kompyuta nyingine. Kijana wa Muscat naye aliambiwa aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, achague ile inayoafikiana na vifaa vingi, angalau kwa video anazokusudia kumpelekea bibi.

Faili moja lilikuwa bovu kweli. Ni MP4 ya maulidi, simu ilizimika chaji wakati inarekodi. VLC ilikataa, kila programu ilikataa. Ukubwa wake ulikuwa megabaiti mia kadhaa, na hiyo ni habari njema. Faili lenye baiti 0 ndilo la kuaga. Nikatazama ndani: ftyp ipo, mdat (sehemu yenye picha na sauti zenyewe) ipo, moov haipo. Moov ni orodha inayosema kila fremu inaanzia wapi, na simu nyingi huiandika mwishoni kabisa, mtu anapobonyeza kusimamisha. Simu ikizimika kabla, picha zipo zote lakini hakuna anayejua mpaka wa moja na nyingine. Kuna programu ya bure iitwayo untrunc inayojenga orodha hiyo upya kwa kusoma faili zima lililopigwa na simu ileile kwa mipangilio ileile. Bahati nzuri simu bado ipo kwa shangazi yao, Makorora, ingawa kioo kimepasuka. Tulirekodi kwayo dakika chache za uani, tukazitumia kama kielelezo, na maulidi yakarudi. Kuelekea mwisho sauti inachelewa kidogo nyuma ya midomo. Inavumilika, kasida zinasikika.

Kutuma nakala ya ndoa kwa ndugu walioko nje kulileta swali lake. Ukiituma WhatsApp kama video, inabanwa upya na kupungua ukubwa, na sauti ya mzee iliyohangaikiwa inapoteza kile kidogo ilichobaki nacho. Ukiituma kama waraka, inakwenda ilivyo, na tangu 2022 kiwango ni hadi gigabaiti 2. Faili letu lilitosha humo. Kwa televisheni ya ukumbini tuliandaa flashi yenye nakala ya H.264, kwa kuwa televisheni ile haikuitambua AC-3 wala MKV. Na kwa kuwa flashi ilikuwa ya FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, isiyopokea faili linalofikia gigabaiti 4, harusi ndefu ilikatwa vipande viwili.

Diski ya pili, yenye kila kitu kama nilivyokikuta pamoja na yale majina ya uongo, iko Makorora kwa shangazi. Ya kwanza inabaki Ngamiani. Ndani yake kuna folda moja ambayo sijaimaliza: AVSEQ01.DAT na wenzake, kutoka VCD za kabla ya kamera ya mjomba. Ni MPEG-1, VLC inazielewa, lakini zilinakiliwa kutoka diski yenye mikwaruzo na zinakatika palepale kila mara, kwa sababu baiti za hapo hazikuwahi kunakiliwa. Diski yenyewe inasemekana iko Lushoto kwa mkwe wao. Imeagizwa ije ndani ya kitambaa laini, isifutwe na mtu njiani, na mwenye kuja nayo asijaribu kuicheza kwenye deki kwanza.